Maji Yasiyo na Kivuli

Lambo la Nyamilugu liliamka na njaa.

Bi Mwamvua alilijua hilo kabla hajafika ukingoni, kwa masikio tu. Lambo lililoshiba lina sauti yake. Maji ya ziada hupita pale penye jiwe bapa yakisema chururu, chururu, kama mzee anayekunywa uji wa moto. Asubuhi ile hakusikia kitu ila kunguru wawili wakigombana juu ya bati la zahanati.

Akasimama ukingoni, akakaza kanga ya kichwani, akatazama. Ubao wa lango la lambo una mikato saba, aliyoichonga marehemu mumewe kwa patasi. Maji yalikuwa chini ya mkato wa tatu. Jana yalikuwa kwenye wa nne. Juzi hakutaka kuikumbuka.

"Mwangaluka, mayu," sauti ikamwamkia kwa Kisukuma nyuma yake, ikimwita mama.

"Mwangaluka, Mama Mageni. Umeamka salama?"

"Kuamka ni kwa waliolala."

Alikuwa Klara, ambaye wengi humwita Mama Mageni kwa jina la bintiye mkubwa. Alikalia mpini wa jembe lake, na magoti yake yalikuwa na vumbi. Mwezi wa tatu, magoti ya mwanamke mwenye mpunga yanatakiwa kuwa na tope.

"Mpunga umebeba mimba, mayu," Klara alisema. "Jana nilipasua bua moja. Suke limo ndani, jeupe, laini, kama kidole cha kichanga. Nikipata maji wiki hizi mbili, nina chakula cha mwaka. Nikiyakosa, nitavuna majani ya ng'ombe. Na ng'ombe wenyewe sina."

"Zamu yako ni jioni, Mama Mageni. Nitakufungulia."

"Utanifungulia nini? Jana jioni ulinifungulia tope na kambale mmoja."

Bi Mwamvua hakucheka, ingawa Klara alisema kama mtu anayetania. Mvua zilikuwa zimekata katikati ya Februari, ghafla, kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Na katika miaka yake yote kumi na tisa ya kushika fimbo ya kugawa maji, mvua zilikuwa zimewahi kukata mara nne, na hakuna mara hata moja ambayo lambo lilishuka hadi mkato wa tatu.

Akaichomeka fimbo yake kwenye tundu lake, akasubiri jua.

*

Kijiji cha Nyamilugu kimekaa mgongoni mwa milima, upande wa Geita ukielekea Kahama. Chini kwenye tambarare ardhi imetobolewa na wachimba dhahabu hadi inafanana na ungo uliooza. Huku juu watu hawachimbi. Huku juu kuna chemchemi, chini ya chemchemi kuna lambo, na chini ya lambo kuna majaruba ya mpunga yaliyoshuka ngazi kwa ngazi hadi korongoni. Koo ziko tisa, na kila ukoo una ngazi yake.

Mgawa maji wa Nyamilugu hawezi kuwa mtu wa Nyamilugu. Ndivyo walivyokubaliana tangu lambo lilipochimbwa. Kila ukoo unafahamu vizuri kwamba fimbo ikishikwa na mtu wa ukoo mwingine, kivuli kitaanza kutembea polepole mahali fulani na kukimbia mahali pengine. Kwa hiyo fimbo hupewa mgeni, mtu asiye na shangazi wala shemeji kwenye mfereji.

Mwamvua alikuwa mgeni wa kufaa. Alizaliwa Kambarage, mjini Shinyanga, katika nyumba ya wauza vitambaa ambao babu yao alitoka pwani na hakurudi tena. Alipanda milima hii akiwa mke wa Akida, muuza chumvi na kanga, ambaye naye hakuwa na ukoo hapa. Akida alipofariki, watu walidhani mjane atafunga mizigo. Hakufunga. Wakampa fimbo.

Kazi yenyewe haina ujanja. Fimbo husimama wima juu ya tuta la lambo, na mawe tisa yamepangwa chini yake kutoka magharibi kwenda mashariki. Jua likichomoza, ncha ya kivuli huangukia jiwe la kwanza, na maji huwa ya ukoo wa kwanza. Kivuli kikisogea jiwe la pili, lango la kwanza hufungwa na la pili hufunguliwa. Jiwe la tano liko miguuni mwa fimbo, hapo adhuhuri. La tisa ndilo la mwisho, la jioni, na hilo ni la ukoo wa Klara, watu wa ngazi ya chini kabisa. Kivuli hakipendelei mtu na hakina mke.

Usiku hauna kivuli. Kwa hiyo usiku haukuwa na zamu, na maji ya usiku hayakuwa na mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuyaomba.

Mwaka juzi Yasini akarudi nyumbani.

Yasini ndiye mtoto pekee wa Mwamvua. Alikuwa fundi umeme katika mgodi wa Buzwagi mpaka mgodi ulipofungwa, akaja na sanduku la vifaa, mabomba kwenye lori, na maneno mengi. Alitaka kuweka mtambo mdogo wa umeme wa maji. Bomba lianzie pale juu kwenye banio, kizuizi cha maji kilicho chini kidogo ya chemchemi, lizunguke mlima, lilipite lambo, liyapite majaruba yote, limwage maji korongoni kwenye gurudumu la chuma. Gurudumu lizunguke, taa ziwake.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la pamba. Watu walikaa juu ya magunia matupu. Mzee mmoja wa ukoo wa tatu akauliza kwa ukali, "Na mpunga utakunywa nini? Umeme?"

"Mchana sigusi hata tone, babu," Yasini alijibu. "Naomba maji ya usiku tu. Kuanzia magharibi hadi alfajiri. Na kwenye mtambo hayapungui, yanapita tu."

Ndaki, mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole anayependa kila kitu kiandikwe, akamgeukia mwenye fimbo. "Mama Yasini, wewe ndiye unayejua. Maji ya usiku ni ya nani?"

Bi Mwamvua alisimama. Alikuwa na furaha siku ile, na furaha ya mama haioni vizuri. "Usiku hauna kivuli," alisema. "Tangu nishike fimbo hii sijawahi kumgawia mtu maji ya usiku."

"Basi ni ya vyura!" mtu akapiga kelele, na ghala zima likacheka.

"Vyura waitwe wasaini!"

Ndaki akaandika karatasi. Wakasaini, waliojua kusoma kwa kalamu na wasiojua kwa dole gumba. Vyura hawakuitwa.

Mwaka wa kwanza mvua ilinyesha mpaka watu wakaichoka. Taa ziliwaka kwenye vibaraza. Mashine ya kusaga ikafunguliwa, wanawake wakaacha kushuka na madebe ya mahindi hadi barabarani. Zahanati ikapata jokofu la chanjo, lile linalopozwa usiku na kutunza baridi mchana kutwa, na Nesi Dorah akacheza hadharani siku lilipoletwa. Kisha akaja Mwita, Mkurya mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, na karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu. Akaliweka karibu na mtambo, akasaga usiku kucha, na yeye ndiye aliyeufanya mtambo ulipe. Bila Mwita zingebaki taa za vibarazani, ambazo watu hulipia wakikumbuka.

Jambo kubwa kuliko yote kwa Mwamvua lilikuwa kwamba mwanawe alikuwa analala nyumbani. Alikuwa anasikia kikohozi chake upande wa pili wa ukuta.

*

Siku ya pili baada ya kuongea na Klara, Bi Mwamvua aliswali alfajiri, akachukua fimbo na kupanda hadi kwenye banio. Alitaka kuwahi kabla Yasini hajafika kufunga bomba na kuyarudisha maji mferejini.

Kulikuwa kumepambazuka kidogo. Chemchemi ilikuwa inatoka vizuri, nyembamba kuliko zamani lakini haijakauka. Maji yote yalikuwa yanaingia kwenye mdomo wa bomba, kimyakimya, kama nyoka anayerudi shimoni. Mfereji wa kwenda lambo ulikuwa mkavu. Katikati ya mfereji alikaa chura mmoja, mgongo umefifia kwa vumbi, anamtazama.

Akakaa juu ya jiwe. Akalitazama bomba, akautazama mfereji, akalitazama kule chini lambo lake lililong'aa kama sahani ndogo. Mchana maji yanaingia lamboni yakitoka hapohapo kwenda kwa watu. Jua linakunywa fungu lake, ardhi inakunywa fungu lake. Mchana lambo halijawahi kujaa. Lambo linajaa lini?

Na hapo kitendawili kikamjia, kwa sauti yake mwenyewe ya zamani, sauti ya mama kijana anayechambua michembe ya viazi vikavu na mtoto mapajani.

*Kitendawili!*

*Tega!*

*Nina ng'ombe wangu, usiku hula peke yake, mchana watu wote humkamua.*

Mtoto Yasini alikuwa na miaka sita. Alikisumbukia siku tatu. Akataja mbalamwezi, akataja chungu, akataja bibi yake. Mara ya kwanza alishindwa, akalazimika kutoa mji ndipo aambiwe jibu, maana ndiyo sheria ya vitendawili, asiyejua hutoa mji. Akatoa Kolandoto. Lakini mama hakumwambia, akamrudishia Kolandoto yake na kumwambia akafikiri tena. Siku ya tatu alikuja mbio kutoka mtoni, kaptula inadondosha maji. "Ni lambo, mama! Lambo linakula usiku!"

Bi Mwamvua akaweka uso kwenye viganja.

Jibu alikuwa analijua. Alilijua miaka thelathini na zaidi, akawategea watoto wa kijiji kizima kitendawili hicho, na siku ya mkutano alipoulizwa mbele ya watu alijibu kwa fimbo, si kwa kichwa. Usiku hauna kivuli, ndiyo. Lakini usiku ndio uliokuwa unamlisha ng'ombe.

*

Alimkuta Yasini kwenye kibanda cha mtambo, anapaka girisi. Karasha la Mwita lilikuwa limenyamaza, na vumbi lake jeupe limetanda juu ya kila jani.

"Shikamoo mama. Umeshuka huku kote kwa miguu? Si ungenipigia."

"Marahaba. Maneno mengine hayaingii kwenye simu, mwanangu." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Maji ya usiku si ya vyura."

Yasini aliendelea kupaka girisi, mahali palepale penye girisi tayari.

Mama yake akamweleza. Hakuzunguka. Alipomaliza, mwanawe alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mama, ulisema mwenyewe mbele ya watu wote."

"Nilisema."

"Ikaandikwa."

"Ikaandikwa. Nimekuja kwa sababu hiyo. Angekuwa amesema mtu mwingine, ningemtuma yeye."

"Nikifunga bomba usiku, mtambo unalala hadi Novemba. Mwita hasubiri Novemba. Mwita akiondoka, siwezi kuuendesha huu mtambo, na mimi siwezi kukaa hapa kula michembe yako na kutazama milima. Unaelewa unachoniomba?"

"Naelewa," Bi Mwamvua alisema. "Ndiyo maana nimekaa kwanza."

Wakatafuta njia ya katikati, kama watu wanaopendana wanavyofanya. Yasini akakubali kugawa usiku: nusu ya kwanza kwa mtambo, nusu ya pili kwa lambo. Wakafanya hivyo siku nne. Lambo likapanda nusu ya mkato, likashuka kesho yake. Ngazi nne za juu zilipata maji ya kulowesha kisigino. Ngazi ya Klara ilianza kupasuka, nyufa za kuingiza kidole, na majani ya mpunga yakajikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Mwita naye akaanza kusaga nusu usiku na kulalamika usiku mzima.

Siku ya tano Klara akamsimamisha Bi Mwamvua njiani, mbele ya mashine ya kusaga, wanawake wakisikia.

"Mayu, nakuheshimu. Lakini nikuulize. Sisi tulikupa fimbo kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sina ndugu hapa."

"Ehee. Na sasa ndugu unaye. Yuko kwenye maji, tena juu yetu sote. Anakunywa kabla ya jiwe la kwanza." Klara hakupandisha sauti, na hilo liliuma zaidi. "Kivuli chako hakijapinda, hilo sina neno nalo. Ila wewe mwenyewe umepinda kidogo, mayu."

Wanawake wakatazama ndoo zao.  Bi Mwamvua akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti Ndaki na kumwomba aitishe mkutano.

*

Magunia yalikuwa yaleyale na watu walewale, ila safari hii hakuna aliyekuja na kicheko. Ndaki aliitoa karatasi kwenye bahasha na kuinyoosha juu ya goti.

Bi Mwamvua akatangulia mbele. Fimbo akaiweka chini, juu ya sakafu ya saruji, na watu wakanong'ona, maana fimbo ile haijawahi kulazwa chini mbele ya mkutano.

"Mwaka juzi mliniuliza swali, nikajibu vibaya," alisema. "Nilisema maji ya usiku hayana mwenyewe kwa sababu sijawahi kuyagawa. Lakini maji ya usiku ndiyo yote ninayowagawia mchana. Lambo linakula usiku. Tumempa mtu malisho ya ng'ombe wetu, halafu tunashangaa maziwa yamekwenda wapi. Kosa si lenu. Mliniuliza mimi."

Mwita akasimama nyuma, mikono kiunoni. "Mama, samahani sana. Kwetu Tarime hatuombi kurudishiwa ng'ombe wa mahari wakati bibi harusi ameshazaa mapacha! Karatasi ipo. Mimi nimeleta mashine kwa kuiamini hiyo karatasi."

"Una haki, baba. Karatasi ni sahihi. Neno lililoandikwa ndani yake ndilo bovu, na lilitoka mdomoni mwangu."

Nesi Dorah akaomba nafasi. Alikuwa na sare yake, ametoka kazini. "Mimi sina shamba," alisema. "Lakini nina chanjo za watoto arobaini na kitu kwenye lile jokofu. Umeme ukizimwa, naanza tena kupanda pikipiki na kasha la barafu hadi barabara kuu. Nitafanya. Nataka tu mjue kwamba kuna watoto nao wako upande wa usiku."

 Kila mtu pale alikuwa na mtoto au mjukuu kwenye jokofu lile.

"Sasa, ndugu zangu," Ndaki akasema, akiikunja karatasi na kuikunjua. "Hii imesainiwa kwa miaka kumi. Kijiji hakiwezi kuichana. Anayeweza kuurudisha usiku ni yule aliyepewa."

Vichwa vyote vikageuka. Yasini alikuwa amekaa karibu na mlango. Alisimama polepole. Ni mtu mrefu, lakini siku ile aliinama kama anayepita chini ya kamba ya nguo.

"Mwenyekiti, kuna kitendawili ambacho mama alinitegea nikiwa mdogo," alianza. "Kinahusu ng'ombe anayekula usiku. Wengi humu mnakijua, amewategea na ninyi. Jibu nililipata siku ya tatu."

Akasogea hadi katikati ya magunia. 

"Mkutano ule wa kwanza, mama aliposema usiku hauna mwenyewe, mkacheka. Mimi sikucheka. Nilikikumbuka. Palepale, nikiwa nimesimama hapa. Nikasema moyoni, mvua zipo, mvua itaficha. Nikanyamaza." Alimtazama mama yake kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kwa hiyo mama alikosea. Mimi sikukosea. Mimi nilijua."

Mtu mmoja alipiga ulimi. Klara aliinua uso, akamtazama Yasini kwa muda mrefu kama anayemwona upya, kisha akautazama mkono wa Bi Mwamvua, uliokuwa unatafuta kitu cha kushika na fimbo iko chini.

"Usiku nauacha," Yasini alisema. "Kuanzia leo. Mtambo utakunywa yale yanayomwagika juu ya jiwe bapa, lambo likishashiba. Yasipomwagika, usinywe. Andika hivyo, mwenyekiti."

Ndaki akaandika. Mwita akatoka nje bila kuaga, akarudi, akasema "Haya bwana," akatoka tena.

Bi Mwamvua hakuiokota fimbo. Aliiacha sakafuni na kwenda nyumbani, na hakuna aliyemwita.

*

Lambo lilihitaji usiku tano. Asubuhi ya sita chururu ilisikika, nyembamba kama uzi, na watu wakatoka milangoni kuisikiliza. Ndaki ndiye aliyekuwa anafungua malango siku hizo, kwa saa ya simu, na koo mbili zilikuwa zimekwisha kugombana. Ngazi saba zilipona. Ya nane ilipona nusu. Ya Klara ilikuwa imechelewa upande wa chini, mpunga ulikuwa umetoa masuke meupe, matupu, yaliyosimama wima kwa kukosa uzito. Upande wa juu ulikuwa bado una mimba. Maji yakiufikia siku mbili tatu mfululizo, ulikuwa na nafasi.

Kijijini jioni zilirudi kuwa za koroboi. Nesi Dorah alifunga kasha la barafu nyuma ya pikipiki, akafunga na kitambaa usoni, akaenda. Mwita alipakia karasha lake kwenye Fuso. Kabla ya kuondoka alipita kwa Bi Mwamvua na mfuko wa sukari kilo mbili, akaukabidhi mlangoni. "Mimi sina kinyongo, mama. Ila wewe ungekuwa wakili ningekukimbia."

Siku iliyofuata Yasini akafunga kibanda cha mtambo. Alikuwa amepata nafasi Kambarage, kwenye karakana ya kusuka mota zilizoungua. Ufunguo alimpa mama yake, na kumwonyesha kwa mara ya tatu namna ya kugeuza koki siku maji yatakapomwagika kwa wingi.

Wakakaa kibarazani kusubiri pikipiki. Sanduku la vifaa lilikuwa kati yao. Bi Mwamvua alikuwa amemfungia michembe na karanga kwenye kitambaa, kama vile Kambarage hakuna duka.

"Umenikasirikia?" aliuliza.

"Hapana."

"Mimi nilikukasirikia siku mbili. Kwa ule unyamavu. Zikaisha."

Yasini akacheka kidogo kwa pua. Kisha akakaa sawa, akasema kama anayeanza jambo zito: "Kitendawili."

Mama yake alishangaa. Ilikuwa imepita miaka mingi. "Tega."

"Nimejenga nyumba kwa mikono yangu. Nimeifunga kwa mikono yangu. Mwenye nyumba yuko ndani, mjenzi yuko njiani."

Jibu alilipata hapohapo. Lilikuwa limekaa kibarazani pale, limevaa shati la kijani, limeegemea sanduku. Angeweza kulitaja. Angelitaja, angelia, na kama angelia, mwanawe asingepanda pikipiki, angebaki kwa ajili ya machozi, na mwakani angekuwa mtu mwenye uchungu anayetazama bomba kavu.

"Nimeshindwa," Bi Mwamvua alisema.

"Wewe? Ushindwe na kitendawili?"

"Uzee huo. Nimeshindwa kabisa."

Yasini alimtazama machoni, na hapo wote wawili wakajua kwamba mama anajua jibu. "Basi nipe mji."

"Nakupa Kambarage," mama yake alisema. "Chukua yote, na mtaa wa akina babu yako na karakana zake. Nenda Kambarage, ule, unywe, ulale vizuri. Nimekupa mwenyewe."

Hakumrudishia. Yasini aliubeba mji wake na sanduku lake, akapanda pikipiki, na vumbi likakaa njiani kwa muda baada yake.

Bi Mwamvua alikuwa bado amekaa palepale, kikombe cha chai kimepoa, alipomwona Klara anapandisha. Klara alikuwa ameshika fimbo. Aliishika vibaya, kichwa chini, kama mtu aliyebeba kitu cha watu.

"Nimepishana naye njiani," Klara alisema.

"Eee."

"Amenisalimia." Klara akaisimamisha fimbo, akaiegemeza kwenye nguzo ya kibaraza. Akakohoa. "Tumekaa, koo zote. Mwenyekiti na simu yake watatuua kwa ugomvi. Wamenituma mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekusema." Akashusha macho. "Sasa huna tena ndugu kwenye mfereji, mayu. Shika."

Maneno yale yalimwingia kama maji baridi, yakamfika mpaka miguuni. Yalikuwa kweli. Akainuka, akamwaga chai iliyopoa, akakaza kanga ya kichwani. Aliishika fimbo mahali palepale ambapo mti umelainika kwa kiganja chake.

Wakashuka pamoja. Lamboni akaichomeka kwenye tundu. Jua lilikuwa limeinama, na kivuli kilikuwa kinatambaa taratibu juu ya udongo kati ya jiwe la nane na la tisa. Klara aliweka jembe begani akasimama tayari.

"Bado," Bi Mwamvua alisema.

Wakangoja. Kivuli kikaligusa jiwe la tisa, kwa ncha tu.

Akaunyanyua ubao.